Ndiyo ya Nyamusi

Migori,
9 Machi 2025

Kwa dada yangu Mong'ina, mama Nyamusi,

Salamu zikufikie wewe na shemeji Nyamongo na wote wanaolala chini ya paa lenu. Sisi huku Migori tumeamka wazima, ila goti langu la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua kushinda redio. Mbuzi wa wifi yako Nyatichi naye ni mzima kupita kiasi: amekula nusu ya pazia la studio yangu na bado anatembea kifua mbele. Mguu wako unaendeleaje? Na ndizi za biashara yenu, zinafika Homa Bay zikiwa ndizi ama zinafika uji? Nyatichi anauliza kama bado mnakula samaki wenye magamba peke yake, au majirani wamekwisha kuwafundisha kamongo. Nimemwambia dada yangu ni Msabato hata akihamia ndani ya ziwa lenyewe.

Utashangaa kupata barua, wakati namba yako ndiyo ya kwanza kwenye simu yangu na juzi tu nimekutumia picha ya huyo mbuzi. Mara ya mwisho nilikuandikia barua nilikuwa kidato cha pili, na ilikuwa ya kuomba viatu. Hii sikuichagua mimi. Nimeambiwa niandike. Aliyeniambia anasema kwenye simu mimi humchekesha mtu mpaka asahau alikuwa amekasirikia nini, na jambo hili si la kuchekewa. Amenipa kalamu, akanikalisha kwenye meza ya chakula kama mtoto aliyeshindwa na hesabu, na sasa hivi yuko jikoni akinisikia nikikohoa. Huyo ni Nyamusi, mwanao.

Kaa kwanza. Usisimame kutafuta kitenge. Mtoto hajaugua, hajapigwa na mtu, na chakula anakula. Lakini yuko kwetu tangu wiki ya tatu ya Januari. Kila ulipompigia ukauliza Ogwedhi kunaendaje, alikuwa kwenye kiti changu cha wateja, akikujibu kwamba ng'ombe wa mumewe Stanley wanauzika vizuri na mama mkwe anasalimu. Usimkasirikie kwa hilo. Alisema hawezi kukuambia ameondoka kwake kabla hajajua amekosa nini, na kwa wiki nyingi hakuna aliyeweza kumwambia. Yaani kulikuwa na mmoja. Nitafika kwake.

Niache nianzie kwenye harusi, maana huko ndiko mambo yalikotokea.

Unakumbuka nilivyosimama mbele ya ukoo wote nikasema kupiga video ya harusi ya mpwa wangu ni zawadi yangu, na wewe ukanong'ona, nikakusikia, kwamba ni kwa sababu sina ng'ombe. Basi kamera yangu, ile niliyonunua kwa mwalimu aliyestaafu, ina tabia moja. Haiandiki video ndefu kwenye faili moja. Ikifika kama dakika ishirini hufunga faili ile na kufungua nyingine yenyewe, bila kukuuliza, kama mtu anayegeuza ukurasa huku bado anasoma. Harusi moja hutoka ikiwa vipande kumi na tano, na kazi yangu ni kuvipanga kwenye kompyuta mpaka viwe kitu kimoja. Picha hushikana vizuri, huwezi kuona mshono. Sauti ndiyo kaidi. Pale kipande kimoja kinapokwisha na kingine kuanza, sauti hukatika. Ni muda wa kupepesa jicho, au mawili. Kwa miaka kumi sikujali. Zikikatika hotuba za wajomba hakuna anayelalamika. Wako walioniomba nikate zaidi.

Siku ile mahubiri yalirefuka, unakumbuka, mpaka bibi harusi akaazimwa leso ya kujipangusia jasho. Mchungaji alipofika kwenye maswali, Stanley aliulizwa, akajibu kwa sauti ya mtu anayenadi fahali. Kisha mchungaji akamgeukia Nyamusi. Nilikuwa nimesogea karibu kabisa. Nikaona midomo yake ikifunguka chini ya shela, na wakati huohuo, bila mimi kujua, kamera ikageuza ukurasa.

Niligundua baadaye nikiwa kwenye kompyuta. Mchungaji anauliza, midomo inafunguka, midomo inafungwa, kimya. Halafu kanisa zima linaitikia Amina kwa sauti kamili, kama watu wanaoshukuru kitu ambacho hakijatolewa. Neno lenyewe lilikuwa limeanguka kwenye mshono. Nilihangaika nalo siku mbili. Na kwa kuwa Stanley alikuwa akinipigia simu kila saa, akisema mama yake ana wageni Jumapili na hana cha kuwaonyesha, nikaitengeneza. Kwa sasa niruhusu niseme hivyo tu: nikaitengeneza, nikawapa watu flashi zao, na ninyi nyote mkanisifu.

Wewe unajua nyumba zetu. Mgeni akiketi, kabla chai haijachemka anawekewa video ya harusi. Awe amekuja kuposa, kuhani msiba au kuomba mbegu za mahindi, ataona keki ikikatwa. Kwa Mama Stanley ilikuwa hivyo kwa miaka mitatu, na hakuna aliyesema neno isipokuwa kusifu maua.

Januari hii, wiki ya kwanza, alikuja jirani yao mmoja, Mama Helen. Hakuwa ametembea kwa watu muda mrefu. Binti yake, Helen, ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya ya kanisa lao huko Ogwedhi. Aliolewa mwaka uleule wa Nyamusi, na mwaka wa pili akafa akijifungua, yeye na mtoto. Nyamusi mwenyewe ndiye aliyepika chai siku hiyo, na anasema alifurahi kuona yule mama ametoka nje hatimaye. Video ikawekwa. Walipofika pale mchungaji anauliza na bibi harusi anajibu, Mama Helen aliweka kikombe chini, polepole, akasema hiyo ni sauti ya mwanawe.

Walifikiri ni uchungu wa mzazi. Akaomba irudishwe nyuma. Ikarudishwa. Akasema ni Helen, angeijua sauti hiyo hata usingizini. Mama Stanley naye, aliyemsikia Helen akiimba kila Sabato kwa miaka sita, akasogea karibu na TV. Ikarudishwa mara ya nne, na hiyo mara ya nne hakuna aliyebisha. Mama Helen aliondoka bila kumaliza chai na bila viatu. Nyamusi alimkimbilia navyo hadi barabarani.

Dada, Mama Stanley si mtu mbaya, na Nyamusi ameniambia niandike hivyo. Anasali, anatoa zaka, na Nyamusi alipougua mwaka juzi ndiye aliyemwogesha. Lakini hofu haina dhehebu. Alianza kujiuliza ni nani hasa aliyemwitikia mwanawe pale mbele ya madhabahu, na zile mimba mbili zilizotoka, unazijua, ghafla zikapata maelezo. Hakumtukana mtu. Alimwomba tu Nyamusi apumzike kupika. Siku iliyofuata akamwomba asimkamulie ng'ombe. Nyamusi akawaambia kwamba yeye alijibu, alikuwapo, anakumbuka hata jinsi koo lilivyokuwa limekauka. Wakamsikiliza kwa adabu, kisha wakawasha TV.

Stanley alichukua simu na vile vidude vya masikioni, akaenda kukaa kando ya zizi, akasikiliza peke yake karibu saa nzima. Aliporudi alimwambia mkewe kwamba amejaribu, lakini ile si sauti yake. Nyamusi akamwambia najua si yangu, lakini nilisema. Stanley akasema basi wangoje mpaka ijulikane. Ijulikane vipi, na nani, hakusema. Usiku ule akahamia nyumba ya mama yake. Nyamusi alivumilia siku nane kwenye nyumba ile peke yake, ya tisa akafunga mfuko mmoja, akapanda boda boda.

Alikuja moja kwa moja studio. Nilikuwa napiga picha za pasipoti. Alingoja mteja atoke, akanieleza yote akiwa amesimama, mfuko bado begani, akamaliza kwa kusema: Mjomba, ile video uliitengeneza wewe, twende ukawaambie.

Na mimi mdogo wako, ambaye huwa sikosi neno hata msibani, nikamwambia mashine za siku hizi zina mambo. Nikasema huenda ni kadi, huenda ni joto, na kwamba kuna kamera moja ya Isebania iliyowahi kunasa redio ya Tanzania katikati ya ubatizo. Nikaiga ile redio. Akacheka. Nikamwambia nipe siku chache niichunguze, akasema asante Mjomba, akaweka mfuko wake chini.

Siku chache zikawa wiki tano. Alinifagilia studio, akanipangia zile nyaya ambazo Nyatichi huziita matumbo ya mbuzi, akajifunza kumkalisha mtoto mbele ya kamera asilie. Kila jioni aliuliza kama nimeona kitu, na kila jioni nilikuwa na hadithi mpya. Nyatichi aliacha kucheka hadithi zangu kama wiki ya pili. Mimi niliendelea.

Kilichonivunja ni swali alilouliza Jumatatu moja, tukila mchana. Aliniuliza kama nina hakika alisema. Nikafikiri anauliza kuhusu mchungaji. Akasema hapana, mimi, nilisema kweli? Kwa sababu siku zote alikuwa anakumbuka, lakini sasa akijaribu kukumbuka anasikia ile ya kwenye video, na anaanza kuona labda alifikiri tu kwamba amesema. Dada, nikaacha ugali nikanawa. Watu wa Ogwedhi walikuwa wamemnyang'anya nyumba, na mimi nilikuwa nimekaa naye meza moja huku anapoteza hata kumbukumbu yake.

Kesho yake nilikwenda Rongo kwa Jacktone, yule mpiga video mrefu anayeshughulikia mahafali ya chuo. Nilimwambia ni harusi ya mtu baki. Nilimweleza ninavyofanya: nachukua faili ya kwanza naiweka kwenye programu, nachukua ya pili naiweka nyuma yake, na kadhalika. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, omera, ndugu yangu, miaka yote hii umekuwa ukiokota faili moja moja kama maharagwe? Kisha akanikalisha akanifundisha, na sikujua kama nimshukuru au nilie.

Alisema kamera haipotezi kitu. Sauti inaandikwa mfululizo kama uzi. Neno linaweza kuanza mwisho wa faili moja na kumalizikia mwanzo wa nyingine. Lakini ukiipa programu kila kipande peke yake, inakichukua kila kimoja kama jambo lililokwisha, na vile vinyuzi vinavyoning'inia pembeni inavitupa. Kwa hiyo usiviokote. Nakili kadi nzima na folda zake kama zilivyo, ili programu ijue kwamba hivi vipande ni mtoto mmoja. Na kama umekwisha kuzitoa faili kwenye folda, kama mimi, ziunganishe kwanza zikiwa mbichi, kichwa kwa mkia, kwa amri ya mstari mmoja kwenye kompyuta, kabla programu haijazigusa. Ukishapata faili moja ndefu, ndipo uanze kukata. Aliniandikia amri yenyewe nyuma ya kadi ya mwaliko. Ilikuwa na maneno machache kuliko jina lako lote la kanisani.

Nyatichi husema situpi kitu, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane iliniokoa. Faili za harusi zilikuwa bado kwenye diski ya kompyuta kuukuu, zote. Nilifunga mlango wa studio saa nane mchana, soko likipiga kelele nje, nikaziunganisha zikiwa mbichi kama nilivyoelekezwa. Nikapeleka mbele hadi pale mchungaji anapogeuka. Akauliza. Midomo ikafunguka. Na mwanao akajibu.

Lilikuwamo, dada. Lilikuwamo siku zote, nusu huku na nusu kule.

Sasa nimefika mahali ambapo Nyamusi alisema ndipo atakapopima kama mjomba wake ni mtu mzima. Ile Ndiyo ambayo mmekuwa mkiisikia miaka mitatu ni ya Helen. Niliiweka mimi. Harusi ya Helen niliipiga mimi, miezi minne kabla ya ile ya Nyamusi. Nilipoona ule ukimya, na Stanley ananipigia, na mimi nimejisifu mbele ya ukoo, nilifungua harusi za karibuni nikatafuta bibi harusi aliyejibu vizuri. Ya Helen ilikuwa safi, bila mtoto kulia nyuma. Niliikata, nikaipandikiza, ikakaa kwenye midomo ya Nyamusi kama imezaliwa hapo. Nikajionyesha mara tatu, nikajipongeza. Helen wakati huo alikuwa hai, mlima wa pili kutoka kwa Stanley, na sikuona ubaya wowote. Ilikuwa kama kuazima chumvi. Alipokufa nilipiga video ya mazishi yake pia, na wala sikukumbuka.

Hilo ni kosa la fundi mvivu. Ningekuambia kwa simu na ungenicheka. Lililonikalisha mezani hapa ni lingine. Siku Nyamusi aliposimama studio na mfuko begani akataja jina la Helen, mimi nilijua. Nilijua kabla hajafunga mdomo. Sikuwa na haja ya kuchunguza kadi wala ya Jacktone. Neno langu moja, siku ileile, lingemrudisha nyumbani kabla ya jua kutua. Lakini ukutani nyuma yake palikuwa na maandishi yangu, yale niliyoyapaka rangi mwenyewe, Mosoti Video, Hatupotezi Neno. Nikafikiria watu wa Ogwedhi wote ninaowapigia harusi. Nikamfikiria Mama Helen, nitamtazama kwa macho gani. Nikachagua redio ya Tanzania. Kwa wiki tano mwanao alifagia sakafu ya mtu aliyekuwa na jibu lake mfukoni.

Nilimwambia Alhamisi. Nilimsikilizisha kwanza sauti yake, kisha nikamweleza yote. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu, kama nilijua siku ile alipofika. Nikasema ndiyo. Akatoka, akaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Jumapili tulikwenda Ogwedhi, mimi na yeye na Nyatichi. Mama Helen aliitwa. Nilisimama sebuleni kwa Mama Stanley nikasema kama nilivyokuandikia hapa, na Nyatichi alikuwa amenikanya kwamba nikianza utani atatoka nje aniache. Nikafungua laptopu. Nyamusi wa miaka mitatu iliyopita akajibu, na wote wakamsikia, na hakuna aliyeomba irudishwe nyuma. Mama Stanley alijifunika uso kwa khanga. Stanley alikuwa akitazama miguu yake.

Mama Helen akaniambia nimemfanya mwanawe kiraka. Hakupaza sauti. Alisema kuna watu huzikwa mara moja, lakini wa kwake nilimfukua nikamtumia kuziba tundu la mwingine. Nikafunga laptopu. Baadaye, tukiwa tunatoka, alinifuata hadi langoni akauliza kama harusi yote ya Helen ninayo, maana flashi ya Helen ilibaki kwa wakwe wake na yeye hakupewa. Nimempelekea. Hajanisamehe, na simdai.

Lakini unataka kusikia habari za mwanao. Mama Stanley alipofunua uso alimwambia Nyamusi mwanangu, ingia jikoni, moto unakungoja. Alimaanisha kwa moyo wake wote, machozi yalikuwa bado yanatiririka, na mimi nikajua mambo yamekwisha, nikaanza hata kufikiria ni kuku gani atakayechinjwa. Nyamusi hakuingia. Alibaki amesimama karibu na mlango. Akasema shikamoo mama, na asante, kisha akamgeukia Stanley. Akamwambia nilikuambia kwa mdomo huu, si mara moja, kwenye hii nyumba, na wewe ukaenda kuuliza simu. Sasa video imesema. Basi kaa nayo.

Tukarudi naye Migori.

Stanley amekuja mara mbili tangu hapo. Mara ya kwanza alikaa kwenye kiti cha wateja, kofia mikononi, akasema sasa anaamini. Nyamusi akamuuliza anaamini nini, yeye au laptopu ya Mjomba. Kijana wa watu akafikiri sana, akasema hajui. Nilikuwa nyuma ya lile pazia nusu nikitamani kumsaidia jibu, lakini Nyamusi alimwambia hilo angalau ni kweli, akamwekea chai. Mara ya pili alikuja bila sababu. Walizungumza nje, kando ya mbuzi, hadi chai yangu ikapoa nikiwangoja. Nyamusi hajarudi kwake, na hajakataa kurudi. Anasema atajibu akiwa tayari, na safari hii hakuna mtu atakayerekodi.

Kwa hiyo ukija, na najua utakuja, tafadhali usije na lile neno vumilia. Amelisikia la kutosha. Njoo na ndizi. Mimi unaweza kunifokea unavyotaka. Nyatichi amesema atakuletea kiti.

Barua hii ameisoma ukurasa kwa ukurasa. Mistari mitatu unayoona imekatwa kwa kalamu nyekundu ilikuwa utani wangu. Wa mbuzi ameuacha, sijui kwa nini.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo hakuniagiza niandike, lakini hakulikata alipolisoma. Hata ninyi Homa Bay mna ile flashi. Umewawekea wageni wako mara ngapi? Shemeji husema ikifika pale Nyamusi anapojibu wewe hulia kila mara. Miaka mitatu umelilia sauti ya mtoto wa mwenzako, na hukujua. Mimi niliyeiweka nisingethubutu kukulaumu, na Nyamusi halaumu. Ila juzi, akimenya viazi, alisema maneno mawili tu, bila kunitazama. Alisema: hata mama.

Nimetia flashi mpya ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwa karatasi ya sigara niliyoiokota stendi, usiogope, sijaanza kuvuta. Ile ya zamani iondoe. Hii usiiwekee wageni. Funga mlango, mwambie shemeji aende akaangalie ndizi, sikiliza peke yako mpaka pale mchungaji anapogeuka. Sitakueleza ilivyo. Ukimaliza mpigie simu mwanao. Usimwambie pole, amepewa pole nyingi. Mwambie umemsikia.

Nyatichi anakusalimu sana, na majirani wa kanisani, na wote wanaokumbuka sauti yako kwenye makambi ya kanisa. Msalimu shemeji Nyamongo, umwambie bado namheshimu hata kama yeye kwa sasa haniheshimu. Mungu akulinde na akupe mguu wenye nguvu za safari.

Ni mimi mdogo wako, mwenye haya,

Mosoti